Kisiwa Kisichozaa

Vijana wa ofisi wamenisumbua niandike. Mwezi uliopita, nilipokuwa nastaafu na kukabidhi ufunguo wa kabati na mto wangu wa kiti, mmoja wao aliniambia, "Maman Nabintu, usiende na kichwa chako chote." Basi nawaachia kipande. Vyeo hamtavikuta humu, wala mshahara, kwa sababu vyote viwili vilikuwa na desturi ya kuchelewa, na hadithi ya vitu vinavyochelewa kila mtu katika Zaïre hii anayo ya kwake. Nitaandika juu ya kazi yenyewe: kukadiria watu. Kila zone, yaani kila wilaya, ya mkoa wetu itakuwa na watoto wangapi miaka kumi ijayo, vijana wangapi, wazee wangapi. Ni kazi ya kutoa habari za watu ambao bado hawajazaliwa, kwa kutegemea maneno ya watu waliokwisha kuzaliwa na kujifunza uongo.

Msishtuke nikisema hivyo. Sijawahi kuamini namba yoyote siku ya kwanza kukutana nayo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata nikipakuliwa sambaza, vile visamaki vya ziwani, nitazigeuza kwanza nione chini kuna nini. Hakukosea, na mara nyingi chini kulikuwa na kitu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa kikwembe kipya na kukaa wima kama niko kanisani. Mkuu wa chumba cha hesabu alikuwa Papa Cirimwami, mtu mfupi, abacost yake, lile koti la watu wa serikali lisilovaliwa tai, imechakaa viwiko, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuniuliza shule niliyosoma. Aliniwekea mezani hesabu ya wanaume wa zone ya Walungu, wamepangwa kwa umri, akasema, "Angalia, kisha uniambie nani anadanganya."

Nilijumlisha yote kwa makini. Nikamwambia jumla ni sahihi.

"Sikukuuliza jumla," akasema. "Nilikuuliza nani anadanganya."

Nikaangalia tena. Ndipo nikaona kwamba wavulana wa miaka kumi na sita na kumi na saba walikuwa wamejazana, halafu kuanzia kumi na nane karibu hakuna mtu, mpaka thelathini, ambapo wanaume walitokea tena ghafla wakiwa na wake na mbuzi. Nilimuuliza kwa huzuni kama vijana wa Walungu wanakufa wote.

"Hawakufe hata kidogo," akajibu. "Wanakataa tu kufikisha kumi na nane. Kodi ya mwanaume inaanzia pale."

Baadaye niliwaona kwa macho yangu: watu wenye ndevu na watoto wawili, wote wana miaka kumi na saba. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Walungu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na miwili. Mimi mwenyewe ni wa Walungu, na nina mjomba ambaye nadhani hajafikisha kumi na nane mpaka leo.

Siku hiyo Papa Cirimwami alinipa maneno ambayo nimeyafanyia kazi maisha yangu yote. "Usiulize kama namba ni ya kweli ao hapana," alisema. "Uliza hivi: huyu mutu, akisema ukweli, utamuletea nini?"

Chombo chetu kilikuwa mashine nzito ya chuma yenye mkono wa kuzungusha. Ukizungusha mbele inajumlisha, ukirudisha nyuma inatoa, na jioni bega linakuuma kama umesaga mahindi. Kazi yake tuliiita ngazi. Kila kundi la umri ni kipago, watoto wachanga chini kabisa, wazee juu. Miaka mitano ikipita, kila kundi linapanda kipago kimoja. Unapunguza waliokufa na waliohama, kisha unajaza kipago cha chini kwa watoto ambao wanawake wenye umri wa kuzaa watawazaa. Kipago cha chini kikiwa na kosa, kosa hilo nalo linapanda. Litaingia shule, litaoa, na mwishowe litakuwa chifu.

Umri wenyewe tuliutafuta kwa matukio, maana karatasi za kuzaliwa zilikuwa chache. Siku ya uhuru ulikuwa unatambaa au unachunga? Mamluki walipoteka Bukavu, ulikuwa umeanza kuvaa kikwembe? Wanawake walijibu swali la mamluki vizuri kuliko wanaume. Kila mama anakumbuka alikimbilia wapi na nani alikuwa mgongoni.

Bagira, mtaa wa hapa Bukavu, ilikuwa na ugonjwa wake. Nyumba ndogo, na mwenye nyumba anakuhesabia yeye, mke na watoto wake, basi. Wapangaji na wapwa waliotoka vijijini hawatajwi, kwa kuogopa mtu wa ofisi ya makazi. Papa Cirimwami alinifundisha nisibishane nao. "Pita nyuma," alisema. "Kamba ya nguo haiogope serikali." Nikawa nahesabu suruali. Watu wa Bagira waliniona mwizi, na mwanamke mmoja alinifukuza kwa ufagio mpaka barabarani, nami nikaandika suruali zake nikiwa nakimbia.

Lakini nimekaa kuandika hasa kwa sababu ya Idjwi.

Mwaka mmoja mkoa ulikuwa na simenti na mabati ya kutosha kujenga maternité, nyumba ya kuzalia, moja tu. Pande mbili ziliiomba. Kisiwa cha Idjwi hakikuwa nayo hata moja. Ng'ambo yake, huku bara, ilikuwapo moja, lakini ilijaa hata wazazi wakalala sakafuni, nao wakataka ya pili. Mkurugenzi wetu, ambaye alikuwa amefika karibuni kutoka Kinshasa, mkali na msafi, alisema hataki maneno ya machifu wala ya mapadri. Makadirio yetu ndiyo yataamua. "Chiffre haina ndugu," alisema, yaani namba haipendelei mtu, na akaenda zake amefurahi.

Tukazungusha mashine. Idjwi ilikuwa na wanawake wengi wenye umri wa kuzaa, ila kipago cha chini kilikuwa karibu kitupu. Tulipokipandisha kwa miaka kumi, kisiwa kikawa cha wazee wanaotazamana, na shule zake hazina wa kuzijaza. Ng'ambo, watoto wachanga walifurika. Kwa hesabu hiyo, maternité mpya ilipaswa kujengwa karibu na ile ya zamani.

Papa Cirimwami aliachia mkono wa mashine. "Bamama wote bale, na batoto hakuna? Beko nakula nini kule, dawa?"

Nilimwambia labda chifu anawaficha.

"Mutoto muchanga halipe kodi," akasema. "Nani atamuficha, na ju ya nini? Uongo wenye faida ninaufahamu. Ule hauna faida njo unaniogopesha. Nenda uone."

Nilivuka kwa boti ya asubuhi kutoka Bukavu. Gatini nilipokelewa na Citoyen Balagizi (serikali ilitaka tuitane hivyo, raia), katibu wa chifu, mtu mrefu aliyenitazama mkoba kabla ya kunitazama uso. "Citoyenne, karibu," alisema. "Walikuya watu kuhesabu kahawa yetu, wakaenda, kodi ya kahawa ikapanda. Wakakuya kuhesabu mbuzi, tukaanza kulipa ju ya mbuzi. Leo munahesabu watu. Tulipe nini tena, pumzi?"

Nilimjibu kwamba nimekuja kwa ajili ya maternité. Alicheka kwa adabu, kama mtu aliyewahi kuambiwa hivyo.

Ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima isiyo na malipo. Watu wote walikuwa wametoka kulima barabara, na Balagizi akanipeleka mpaka uwanja wa kanisa. Nilisimama nikashangaa. Watoto wachanga walikuwa kila mahali: mgongoni, kifuani, kwenye majani, chini ya miavuli. Na mimi, kwa tabia yangu, nikamshuku papo hapo. Nilijua shule ambazo mkaguzi akija zinaazima wanafunzi kwa jirani. Nikajiambia: hawa wameazima watoto.

Kwa hiyo nilikataa kuongozwa. Nilimshukuru, nikageuka, nikapanda kilima kwa njia ambayo hakunionyesha, na kila nyumba niliyoikuta nilipita nyuma kwanza. Kwenye kamba kulikuwa na vitambaa vya watoto wachanga, nyumba baada ya nyumba. Hakuna mtu anayeazima vitambaa vyenye unyevu.

Kwenye mlango wa mwisho alikaa mwanamke kijana, mimba yake imekua, anamenya mihogo. Jina lake Maman Nsimire. Watoto wawili wadogo walikuwa wanacheza na maganda. Alinipa kigoda ila macho yake yalibaki kwenye kalamu yangu.

"Uko na batoto wangapi?" nikamuuliza.

"Maman, batoto habahesabiwe. Unaleta maneno mubaya mu nyumba. Bale unaona, njo bale."

Ni desturi ya kwetu pia, sikumlazimisha. Nikamwonyesha mkubwa kwa kidevu. "Huyu alizaliwa wapi?"

"Ng'ambo."

"Na mdogo wake?"

"Ng'ambo."

"Kumbe wewe ni wa ng'ambo."

Aliniona mjinga, na hakunificha. "Mimi? Kule sijalala hata siku moja, ila ya kuzala tu. Hapa hakuna mukunga, hakuna kitanda. Tumbo ikikuwa nzito, tunavuka. Siye wote."

Kisha, bila kuinua kichwa, akaongeza, "Wa mbele ya hawa alizaliwa mu pirogi, mu mutumbwi, katikati ya ziwa. Hakufika."

Aliendelea kumenya. Mimi kalamu ilinigoma. Nilikuwa nimezaa wangu wote Bukavu, kitandani, na mama yangu akinipangusa jasho, na pale nilijisikia vibaya. Nilimuuliza tu safari hii atafanyaje. Akasema atavuka kesho, maana ziwa limetulia, na dada zake wawili wa jirani watavuka naye. Nikaomba nafasi.

Tulivuka kwa mtumbwi mkubwa, wapiga makasia mbele na nyuma, katikati sisi wanawake wanne, watatu wenye mimba na mmoja mwenye hofu. Katikati ya ziwa walinyamaza wote. Hakuna aliyeniambia ni kwa nini, na sikuuliza.

Kwenye maternité ya ng'ambo, mlangoni, mwandishi aliuliza bila kutazama, "Unatoka wapi?" Maman Nsimire akataja kijiji kilicho nyuma tu ya jengo lile, kana kwamba amezaliwa hapo. Wa pili akataja kingine, cha bara vilevile. Wa tatu hivyo hivyo. Mimi niliyevuka nao nilisimama pale mdomo wazi.

Maman Nsimire alipokwisha kupokelewa nilimvuta pembeni. "Mbona umedanganya?"

"Ukisema Idjwi banakulalisha chini, pa mukeka," akanijibu. "Kitanda ni cha benyeji. Minataka kuzala pa kitanda, maman. Hiyo ni mubaya?"

Hapo ndipo uongo uliponionyesha faida yake. Kila mtoto wa Idjwi aliandikwa wa bara, ili mama yake apate kitanda. Kwa hiyo kisiwa kikaonekana kimekauka, na bara ikaonekana inazaa hata inahitaji maternité ya pili. Wanawake wale, kwa kutafuta kitanda cha usiku mmoja, walikuwa wanajinyima vitanda vya miaka yote. Na sisi na mashine yetu tulikuwa tunawasaidia kujinyima. Niliona hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Niliporudi Bukavu na kumweleza Papa Cirimwami, alivua miwani akaifuta muda mrefu. Tatizo lilikuwa wazi. Ukiwauliza wanatoka wapi, watadanganya, na wana haki. Ukiwatishia, watadanganya vizuri zaidi.

"Uliza shamba," akasema mwishowe. "Mwanamuke wa kwetu atakudanganya miaka, bwana, kijiji. Lakini muulize maharagi yake nani anapalilia sasa. Hataweza kunyamaza."

Nikarudi ng'ambo. Nilikaa na wazazi wodini, bila mkoba, nikiwasaidia kubeba maji ya kuogea, na sikumuuliza hata mmoja anatoka wapi. Niliuliza tu, "Sasa uko hapa, shamba nani anaangalia?" Na wote walifunguka. Mama mkwe anapalilia, lakini anang'oa na miche. Wifi aliahidi, lakini anapenda kasiksi, pombe ya ndizi. Mbuzi wa jirani wameingia kwenye viazi. "Shamba lenyewe liko wapi?" Na hapo, kwa uchungu wa viazi, wakataja mlima, kijito na jirani, na mlima huo ulikuwa Idjwi. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhania. Aliyekuwa na shamba bara tulimwacha bara. Aliyekuwa na shamba kisiwani tulimrudishia kisiwa mtoto wake. Tukazungusha mashine upya, na kipago cha chini cha Idjwi kikapanuka mpaka Papa Cirimwami akapiga makofi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Mkurugenzi alisoma makadirio mapya akiwa amesimama. Halafu akaniuliza, "Citoyenne Nabintu, mananasi yako wapi?"

"Mananasi gani?"

"Wale wa Idjwi walikupa mananasi. Kisiwa chote ni mananasi. Wewe ni wa kule?"

"Kwetu ni Walungu."

"Bwana yako?"

"Kabare."

Hakuridhika. Juma lile tarishi wake alikwenda mpaka parokia yangu kuuliza bibi yangu alizaliwa wapi. Najua kwa sababu padri mwenyewe aliniuliza kama natafutwa na polisi. Sikumlaumu sana mkurugenzi kwa kunishuku, maana ningekuwa yeye ningemshuku mwanamke anayebadilisha kisiwa kizima kwa habari za viazi. Lakini iliniuma, nasema kweli. Nilizoea kushuku watu, sikuzoea kushukiwa.

Papa Cirimwami alisimama mbele yake na abacost yake ya viwiko vilivyochakaa. "Citoyen Directeur, ulisema chiffre haina ndugu. Ni kweli. Lakini mutoto iko na mama, na mama iko na shamba."

Mkurugenzi alitia sahihi. Chini yake aliongeza kwa wino mwekundu kwamba maternité ikishafunguliwa, makadirio yatapimwa, na yakionekana ya uongo, mkunga na vitanda vitarudishwa bara, nasi tutajieleza. Simenti ikavuka. Mabati yakavuka kwa kuchelewa kidogo, kwa kuwa yalipita kwanza kwenye mapaa mengine.

Papa Cirimwami alikuwa amekwisha kustaafu hesabu za kwanza za maternité mpya zilipofika, kwa hiyo nilizisoma peke yangu. Kuzaliwa Idjwi kulikuwa kumeruka kupita hata makadirio yetu. Ng'ambo kulikuwa kumeshuka. Mimi nilifurahi kwa dakika chache, halafu nikaitwa.

"Juzi kisiwa hakizai," mkurugenzi alisema. "Leo kinazaa kuliko mtaa mzima wa Kadutu hapa mjini. Hao watoto wote wametoka wapi?"

Nilimweleza tena habari za mashamba. Akatikisa kichwa. Yeye aliona jambo jingine: chifu wa Idjwi analeta wanawake wa bara kwa mitumbwi ili kujaza vitanda, kusudi asinyang'anywe. Barua ya kumrudisha mkunga bara ilikuwa tayari, imebaki kupigwa muhuri. Nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba kabla ya muhuri avuke mwenyewe.

Alivuka. Boti kubwa ilikuwa imeharibika, tukachukua ndogo, na ziwa siku hiyo halikuwa na heshima kwa wakubwa. Mzigo wa mwenzako ni kanda la sufi, wanasema. Mkurugenzi alishika ukingo kwa mikono miwili tangu mwanzo hadi mwisho, na chai yake ya asubuhi aliiacha ziwani. Balagizi alitupokea gatini, akamtazama jinsi alivyolowa, na kwa mara ya kwanza hakutazama mkoba wa mtu.

Ndani ya maternité, mkunga alitaka kututembeza. Mkurugenzi akakataa kuongozwa, na hapo nilimpenda kidogo. Alipita vitanda vya mbele, akaenda mwenyewe mpaka cha mwisho, karibu na dirisha. Nilimtambua aliyelala pale kabla hajanitambua. Alikuwa Maman Nsimire, na mtoto mpya kifuani.

"Maman, unatoka wapi?" mkurugenzi akauliza.

Lilikuwa swali lile lile la mlangoni kule ng'ambo. Maman Nsimire akatazama abacost, akatazama viatu vizuri, kisha mimi. Nikaogopa. Mwanamke huyu alijua kwamba wakubwa wakikuuliza unatoka wapi, jibu la kweli linakulaza chini. Nilifungua mdomo nimuulize shamba. Mkurugenzi aliinua kidole ninyamaze.

"Pale," Maman Nsimire akasema hatimaye, na kuonyesha dirishani kwa kidevu. Juu ya kilima ilionekana nyumba yake, na mama mkwe ameinama kwenye maharagwe. "Nilikuya na miguu yangu."

"Na wale wengine, uliwazalia hapa?"

"Bengine nilibazalia ng'ambo, papa. Huyu njo wa kwanza nilizala bila kuuliza ziwa."

Maji yalikuwa yakimchuruzika mkurugenzi kwenye suruali hadi sakafuni. Ile barua haikupigwa muhuri. Tulipotoka nje alitazama ziwa, akamgeukia Balagizi, akamuuliza kwa sauti ndogo kama kuna njia nyingine ya kurudi Bukavu.

"Hapana, Citoyen Directeur," Balagizi akamjibu. "Njia ni ile moja."